Mchumba anataka gemu na katuni zibaki kwetu. Nifanyeje?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 28, naishi Kigoma mjini, maeneo ya Mwanga. Nina kibanda cha stesheneri: natoa kopi, nachapa barua, nawasaidia vijana kuomba vyuo mtandaoni. Kanisani kwetu ndiye ninayepiga kinanda cha kwaya. Nimechumbiwa na kijana wa Kasulu mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mahari imeshatolewa, vikao vya harusi vimeanza, na Mungu akipenda tunafunga ndoa mwezi wa kumi na mbili.

Tatizo langu wengine wataliona dogo. Napenda gemu na katuni za Kijapani, zile zinazoitwa anime, na kuliko vyote napenda muziki wake. Sipendi kwa kupoteza muda tu. Napenda kama wengine wanavyopenda mpira, wanaojua kikosi cha mwaka gani kilifunga nani.

Ilianzia kwa kaka yangu. Alikuwa na kibanda cha gemu hapa Mwanga, TV za chogo na PlayStation 2 zake, watoto wanatoka shule wanalipa wanacheza mpira. Nilikuwa nampelekea chakula cha usiku. Akishawatoa wateja anaweka diski ambayo wao hawaitaki kwa sababu haichezwi na watu wawili: Final Fantasy X, ya mwaka 2001. Ile gemu inaanza na watu wamekaa kuzunguka moto kwenye magofu, jua linazama, na piano inapigwa peke yake. Hakuna risasi wala kelele. Nilikuwa kidato cha pili. Niliganda mlangoni na hotpoti mkononi mpaka kaka akaniambia niingie, nzi wanaingia.

Ndani yake kuna binti anaitwa Yuna anayesafiri visiwani kwa meli. Wanafika kijiji kilichojengwa juu ya maji kikiwa kimebomolewa, watu wamekufa, na yeye anasimama juu ya maji anacheza ngoma ya kuwasindikiza wafu. Shangazi, mtu aliyekua akiona mitumbwi ya dagaa inaondoka Kibirizi jioni, na mingine siku ya upepo hairudi, hawezi kuiona hiyo hadithi kuwa ya watu wa mbali. Umeme ukikatika kabla hatujahifadhi kwenye memori kadi tulikuwa tunarudia safari yote, na mimi sikuchukia, kwa sababu nasikia muziki tena.

Baadaye nikatafuta nani anautunga. Anaitwa Nobuo Uematsu, amezaliwa 1959. Hakusomea muziki chuoni, piano alijifunza mwenyewe. Aliingia kampuni ya Square, watengenezaji wa gemu hiyo, mwaka 1986, na mwaka uliofuata ikatoka Final Fantasy ya kwanza. Mashine ya Nintendo ya wakati ule ilikuwa na njia tano tu za sauti, na mojawapo ni ya mchakacho wanaotengenezea ngoma. Hapo huwezi kujificha nyuma ya vyombo vingi, lazima wimbo wenyewe uwe mzuri. Nilipolijua hilo nikapata moyo na kinanda chetu cha kanisani chenye vibonyezo viwili visivyolia. Karibu kila ninachokijua nimekipata kwa kusikiliza nyimbo za gemu na anime na kuzitafuta nota moja moja. Mwalimu wa kwaya husema nina sikio. Hajui sikio hilo lilisomea wapi.

Kaka sasa yuko Dar es Salaam. Kibanda alikifunga, akaniachia PS2 moja na TV. Usiku ule baada ya kumzika baba tulikifungua tukacheza ile gemu hadi alfajiri, na hapo ndipo kaka alipolia. Basi tangu aondoke nacheza na kuangalia anime peke yangu, kuanzia saa nne usiku mpaka saa nane, kwa sababu bando la usiku ndilo la bei nafuu na mchana nina wateja.

Mwezi uliopita mchumba wangu alikuja na dada yake kutusalimia. Walinikuta naangalia anime ya Naruto kwenye kompyuta ya kazini. Wifi akaona yule mbweha wa mikia tisa, akauliza hayo ni mambo gani, akasema nyumba ya mdogo wake haitaingiza mapepo. Mchumba wangu alinyamaza. Jioni akaniambia, "Ukija kwangu, hiyo mitambo na hizo katuni zibaki kwenu. Mke wa mtu hakeshi na katuni."

Nilimweleza. Nikamwambia ule wimbo wa Baba Yetu ambao kwaya nyingi duniani wanaimba, Sala ya Bwana kwa Kiswahili chetu, Christopher Tin wa Marekani aliutunga kwa ajili ya gemu, Civilization IV, mwaka 2005, na mwaka 2011 ukapata tuzo ya muziki ya Grammy, wimbo wa kwanza wa gemu kuipata. Akasema, "Kujitetea unajua." Tukaishia hapo. Baadaye akanitumia ujumbe kwamba nikiuza TV na PS2 yeye ataongezea ninunue mashine mpya ya kopi.

Si mtu mbaya. Mama alipougua alikodi gari usiku bila kuombwa. Ndiyo maana nateseka. Niuze? Nifiche kwa mama? Nimwambie hapana wakati mahari wazee wameshaipokea? Naogopa kuingia kwenye ndoa na kinyongo, na naogopa kusikia watu wakisema fulani aliachwa kwa sababu ya gemu.

Binti wa Mwanga, Kigoma

*

Marahaba, mwanangu. Na asante kwa kuandika kwa kirefu, kwa sababu wanaokata maneno hunipa kazi ya kubahatisha.

Nikikusoma vizuri, unampenda huyu kijana na unaupenda huu muziki, na umeambiwa kimoja kibaki kwenu. Juu ya hapo mahari imeshapokelewa, kwa hiyo kila utakalosema sasa litasikika kwa wajomba, kwa baba wadogo na kwa kamati. Umesema wengine wataliona dogo. Mimi silioni dogo. Binti aliyejifundisha kinanda mwenyewe mpaka kanisa zima linaimba juu ya vidole vyake, kilichomfundisha si cha kutupwa.

Kabla ya kukujibu nilimwomba mjukuu wangu anitafutie hiyo piano ya mwanzo wa gemu yako. Sijawahi kushika pedi ya gemu maishani. Nilisikiliza mara ya kwanza, nikamwambia airudishe. Inaanza na nota chache, kama mtu anayetafuta neno la kuanzia, halafu inarudi palepale ilipoanzia, lakini mkono wa kushoto umeshabadilika na huzuni imeongezeka. Nilielewa kwa nini uliganda mlangoni.

Kwa hiyo kama unaogopa kuambiwa haya ni mambo ya kitoto, hatuna ugomvi mimi na wewe. Hata wewe ungeweza kumwongezea mchumba wako kwamba tarehe 23 Julai 2021, Tokyo, timu za mataifa ziliingia uwanjani kwenye ufunguzi wa Olimpiki kwa muziki wa gemu, na nyimbo za huyo Uematsu wako zikiwemo. Ni kweli tupu. Lakini sidhani kama siku ile ulishindwa kwa kukosa ushahidi. Mwanamume aliyetoka kumsikia dada yake akisema mchumba wake anafuga mapepo, jioni ileile akaletewa Grammy, angejibu nini? Alisikia mtu anajitetea, kwa sababu kweli ulikuwa unajitetea.

Sasa nikurudishe kwenye barua yako. Kuna sentensi umeipita mbio, umeibana kati ya habari ya kaka kuhamia Dar es Salaam na habari ya bando. Usiku wa kumzika baba yenu, wewe na kaka mlifungua kibanda mkacheza hadi alfajiri, na hapo ndipo alipolia. Halafu ukaandika "basi" ukaendelea. Mwanangu, nimeisoma sentensi hiyo nikaweka simu chini. Binti anayecheza juu ya maji kuwasindikiza wafu, na watoto wawili waliotoka makaburini siku hiyohiyo. Je, mchumba wako anaijua habari hiyo? Katika yote uliyoeleza kumwambia, sikuiona. Umempa mwaka 2005 na mwaka 2011, hukumpa usiku ule. Anachokijua yeye ni mashine kuukuu na TV ya chogo, vitu ambavyo kwa macho ya mfanyabiashara vinaweza kugeuzwa mashine ya kopi. Na kwa anachokijua, wazo lake hata si baya, ni la mtu anayekutakia kazi yako ikue.

Sisemi kwamba ukimwambia atalainika. Inawezekana akasikia na bado akabaki na msimamo wake. Lakini angalau atakuwa anakataa kitu halisi, na wewe utajua umekataliwa nini.

La pili ni maneno yake yenyewe. Umeyasikia kama hukumu ya mitambo. Mimi nimesikia "hakeshi". Mwenye duka anafunga jioni, anapiga hesabu, anakula, na saa nne usiku ndipo anapata nafasi ya kumpigia mchumba wake. Saa hiyo wewe unawasha. Ukiwa umevaa hedifoni, simu yake unaisikia? Sikujui, nakuuliza tu. Huenda anachokililia ni usiku wako. Huenda ni pesa ya bando. Huenda ni aibu mbele ya dada yake, maana umesema alinyamaza, na kunyamaza kwa mtu wa namna ile kuna mengi ndani yake. Haya yote yanazungumzika, kila moja kwa njia yake. Lipo jingine ambalo ni zito zaidi: kwamba anataka kuona ukiambiwa acha, utaacha. Hilo si suala la gemu tena. Namna pekee ya kujua ni lipi kati ya hayo ni kumuuliza, ukiwa mtulivu, "Kinachokukera hasa ni nini?" halafu umwache amalize bila kumkatiza hata kama anakosea jina la hiyo mashine.

Kuhusu wifi, usimdharau kwa hofu yake. Mtu asiyejua chochote akikuta kwenye kioo mbweha mwenye mikia tisa na macho mekundu, atafikiri nini? Nawe unajua kwamba anime zimo za kila namna, na zimo zenye damu na mambo ambayo mtoto hapaswi kuyakuta kwenye kompyuta ya shangazi yake. Hiyo Naruto, nilivyoelezwa na wanaoijua, ni habari ya yatima ambaye huyo mnyama alifungiwa ndani yake akiwa mchanga, kijiji kizima kikamkwepa kwa kosa ambalo si lake, na baadaye yeye na mnyama wakapatana. Kisa kama hicho mwanamke wa kanisani anaweza kukielewa vizuri kuliko unavyodhani, lakini akisimuliwa na wewe, mkiwa wawili, mkichambua mchele, na si kwa kumtuma mdogo wake akakutetee. Kijana akiwekwa katikati ya dada na mchumba kabla hata ya ndoa, huwa anachagua kunyamaza, na umeshaona kunyamaza kwake kunaishia wapi.

Umeniuliza kama uuze. Ukiuza, utapata amani ya haraka na mashine ya kopi, na vikao vitaendelea bila mtu kujua lolote. Wapo waliofanya hivyo wakatulia kabisa. Lakini kwanza, hicho chombo ni cha nani? Kaka amekuachia, hujaniambia amekupa. Mpigie kabla hujakitangaza kwa mtu. Pili, ukishauza, PS2 itakuwa imeondoka ila sikio halijaondoka. Utakuwa umekaa sebuleni Kasulu, redio ya jirani inapiga kitu, vidole vyako vinaanza kutafuta nota kwenye meza. Je, na hilo litabaki kwenu? Na kinanda cha kanisani je? Unahamia mji mwingine, kanisa jingine. Mmeshazungumza kama utaendelea kupiga? Hili sijaliona kwenye barua, na kwa maoni yangu ni kubwa kuliko TV. Mtu akitoa kitu bila kujua ombi linaishia wapi, kinyongo unachokiogopa huja polepole, huja mwaka wa tatu kwenye ugomvi wa chumvi.

Kuficha kwa mama ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Nakuona unavyokuja Kigoma "kumsalimia mama" na unakesha kule. Mama yako atalazimika kudanganya mkwe wake. Siku itakapojulikana, na mji wenu si mkubwa hivyo, hakuna atakayeamini kwamba ulikuwa unacheza hadithi ya Yuna. Lakini kukihifadhi kwa mama huku yeye anajua, hiyo ni habari nyingine kabisa, na huenda kwenye maneno yake "zibaki kwenu" kuna nafasi ya namna hiyo. Ukiichagua hiyo, jiulize kama itakutosha au utakuwa unahesabu siku za kwenda kwenu.

Mnaweza pia kuwekeana utaratibu. Saa fulani ni zako, simu yake inapokelewa, wageni wakija inazimwa, pesa inatoka kwenye faida ya kibanda chako. Wengi huwashauri hivi kwa sababu ni rahisi kuandika. Ugumu wake ni kwamba utaratibu unaokubaliwa kipindi cha harusi kila mtu anautia sahihi ili kadi zitoke, halafu mtoto wa kwanza akizaliwa hakuna anayeukumbuka. Kama mtakwenda njia hii, msiiharakishe, na usikubali saa ambazo unajua huziwezi ili tu umpendeze.

Kusogeza ndoa au kuivunja umeigusa kwa woga, nami nitaigusa kwa uangalifu. Mahari ikishapokelewa, kurudi nyuma kuna gharama na maneno, na wazee wako wanaweza kuumia. Lakini kupokelewa kwa mahari hakujakuzuia kuuliza maswali. Una mshenga, na kazi yake haikuisha siku ya posa. Hatari yake ni kwamba mshenga asiyeelewa atakwenda kusema "binti anagombania gemu", na ukoo mzima wa Kasulu utacheka kabla ya kusikiliza. Ukimtuma, mweleze kwanza ya usiku wa msiba, au usimtume kabisa kwa hili. Kama baada ya kuzungumza naye utagundua kwamba ni lile zito, la kutaka kuona kama utaacha chochote ukiambiwa, basi niandikie tena kabla ya kadi kuchapwa. Wala usione haya kwamba sababu ilianza na gemu. Alikodi gari usiku kwa ajili ya mama yako bila kuombwa. Mtu wa hivyo nina matumaini naye, lakini mimi namjua kwa mistari miwili tu na wewe ndiye unayemjua.

Ukiamua kuzungumza naye, usiifanye kwa simu na usiifanye wifi akiwepo. Atakapokuja Kigoma tena, mpeleke kanisani mchana siku ambayo hakuna mazoezi. Umenieleza kwamba anakusikia ibadani Jumapili akija? Sikumbuki kuliona hilo pia. Mpigie ile piano mwenyewe, kwenye kinanda hicho chenye vibonyezo viwili visivyolia, bila kumwambia imetoka wapi wala imepata tuzo gani. Akiuliza ni wimbo gani, mweleze habari ya baba na kaka. Asipouliza, mweleze vilevile. Kisha mwache yeye ndiye aongee kwanza.

Shangazi